Baba Yuko Upande Gani?

Swali lenyewe ni dogo, ndugu msomaji: yule baba anayezungumza ndani ya albamu ya pili ya kundi la Queen ni nani? Hapa Vihingo nimelisikia likijibiwa kwa namna tatu, na sijaridhika hata na moja. Wa kwanza alisema ni Mungu. Wa pili akasema ni mzee Bomi Bulsara, dingi yake Freddie Mercury, aliyekuwa keshia wa Mahakama Kuu kule Zanzibar. Wa tatu, jamaa mwenye haraka na kila kitu, akasema pale hakuna baba wala mjomba, ni maneno tu yamepangwa yapate kwenda na gitaa. Mimi nasema baba yupo, ila si mtu. Baba pale ni kazi, na kazi yenyewe inatuhusu sisi tunaojifunza kuandika kuliko inavyowahusu wapiga gitaa.

Najua yupo atakayeguna: kijana wa Vihingo, Wilaya ya Kisarawe, anahangaika nini na roki ya Waingereza iliyotoka Machi 1974? Kwanza, aliyeiimba alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh. Kutoka hapa hadi alikozaliwa ni basi na boti tu. Pili, Uzaramoni hatujawahi kuogopa kuchanganya ngoma na gitaa la umeme. Sikinde ilikuwa ngoma ya Wazaramo kabla haijawa mtindo wa Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978, na wapenzi wake wakaizoea kwa jina la "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani. Wapinzani wao wa jadi, Msondo, wenye mizizi yao katika NUTA Jazz ya mwaka 1964, wakajipa cheo cha "Baba ya Muziki". Mwalimu wa sarufi anataka "baba wa", mtaa ukasema "baba ya", na mtaa ukashinda. Lakini sikiliza vizuri kinachosemwa hapo. Baba ni yule aliyetangulia, ambaye wengine wamepokea kwake. Lishike neno hilo, kupokea. Tutalihitaji.

NANI KAANDIKA NINI

Queen II si riwaya yenye kisa kimoja. Hakuna mhusika unayemfuata toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hata hivyo ina mpango wake. Santuri za kawaida zilikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili. Hawa wakaziita pande zao Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe ni wa Brian May, mpiga gitaa, isipokuwa wimbo wake wa mwisho ambao ni wa Roger Taylor, mpiga ngoma. Mweusi wote, nyimbo sita, ni wa Mercury. Huku kuna malkia mweupe, kule kuna malkia mweusi. Huku kuna baba. Kule je? Hapo ndipo penye kesi.

Maana wimbo wa baba, ule uitwao "Father to Son", yaani toka kwa baba kwenda kwa mwana, aliutunga May. Mercury anauimba tu. Kijiweni watu wakisikia sauti wanadhani wamesikia maisha ya mwenye sauti. Kasoro hii tunayo hata tunaposomana sisi wenyewe kwenye kurasa kama hizi. Mtu akiandika hadithi inayoanza na "niliiba", kesho yake anaulizwa mali iko wapi. Anayesema ndani ya kazi si lazima awe ndiye aliyeiandika, na anayeiimba anaweza kuwa mtu wa tatu kabisa. Kwa hiyo lile jibu la mzee Bomi linaanguka mapema. Linaanguka, lakini halifi. Tutakutana nalo tena tukigeuza santuri.

UPANDE MWEUPE

Santuri inafunguliwa na "Procession", kipande kifupi kisicho na maneno. Magitaa yamepandishwa moja juu ya jingine mpaka yanatembea taratibu, kama watu wanaosindikiza jeneza. Mara baada ya hapo anaingia baba. Nani kafa? Hatuambiwi. Lakini mpangilio umeshatuonyesha kwamba huyu baba anasema kutoka mahali ambapo msafara umekwisha kupita.

Ndiyo maana yule mwenzetu wa kwanza alimdhania Mungu. Ukubwa upo kweli: kwaya imepandishwa juu, gitaa linanguruma, kisha kila kitu kinashuka na kuwa kimya kama mtu anayenong'ona sikioni. Ila angalia anachokifanya. Hatoi amri, hatishi, hana kiboko. Anakabidhi. Anampa mwanawe maandishi, akimjulisha kwamba sasa hivi hatayaelewa, lakini siku moja atayaandika yeye mwenyewe upya. Baada ya hapo ni mnyororo tu, baba kwa mwana, baba kwa mwana, unarudiwa mpaka hujui tena nani ni baba na nani ni mwana.

Hebu simama hapo, msomaji. Huyu baba hamwambii mtoto "kariri". Hamwambii "fanana nami". Anajua kwamba kijana ataondoka na karatasi asiyoielewa, na kwamba kuelewa kutakuja kwa kuiandika tena kwa mkono wake. Nimesoma vitabu kadhaa vinavyofundisha uandishi. Hakuna kilichonieleza kazi hii vizuri kuliko huo wimbo.

Sasa kuna jambo ambalo kijiweni halikutajwa kabisa. Lile gitaa unalolisikia, lile lenye sauti nene inayolia kama filimbi na kama panda kwa wakati mmoja, halikununuliwa dukani. Agosti 1963 Brian May, akiwa na miaka 16, na baba yake Harold, mtaalamu wa elektroniki, walianza kuliunda nyumbani kwa mikono yao. Iliwachukua kama miaka miwili. Shingo ya gitaa ilichongwa kutoka mbao kuukuu ya fremu ya meko. Springi zake ni za vali za pikipiki ya zamani. Vidoti vyeupe vinavyoonyesha mahali pa kubana nyuzi ni vifungo vya chaza vilivyotoka kwenye vifaa vya kushonea vya mama.

Kwa hiyo hata kama wimbo ule usingekuwa na neno "baba" ndani yake, baba angesikika. Kila nyuzi inapogongwa pale, kuna mzee aliyeshika msumeno. Na mama naye yumo, kwa vifungo vyake.

Lakini stori haiishii kwenye utamu huo. Mzee Harold hakufurahi mwanawe alipoyaweka kando masomo ya shahada ya uzamivu, ya mambo ya anga na nyota, pale Imperial College, London, ili apige muziki. Aliona elimu imepotea bure. (Mtoto alikuja kuimaliza shahada hiyo mwaka 2007, mzee akiwa amekwisha fariki.) Fikiria hali hiyo: umemsaidia mwanao kuunda chombo, kisha unakasirika anapoondoka nacho. Baba alitoa gitaa akidhani anatoa zoezi la ufundi. Mwana akalisoma kama nauli. Hata aliyeandika barua hakujua kaandika nini ndani yake.

Hii ndiyo sababu nasema baba wa Upande Mweupe ni kazi, si mtu. Anayekabidhi hatawali kile alichokabidhi. Kama anataka kukitawala, basi hajakikabidhi.

Upande huo unafungwa na wimbo wa Taylor, "The Loser in the End", unaomsemea mama aliyeachwa na kijana wake. Umeanza na baba, umeishia kwa mama. Sasa geuza.

UPANDE MWEUSI

Huku hali ya hewa imebadilika. Wimbo wa kwanza ni vita vya mazimwi. Baadaye kuna malkia mweusi na msafara wake wa vitimbi, na mwisho kabisa anakuja mtu anayejitangaza kuwa mkubwa wa nchi iitwayo Rhye, nchi ambayo Mercury mwenyewe alisema ni ya kubuni. Kuna vyeo chungu nzima. Kuna uchawi, kuna taji, kuna bahari saba. Baba anayesema na mwanawe hakuna.

Au tuseme yupo, ila kafichwa. Wimbo wa pili wa upande huu unaitwa "The Fairy Feller's Master-Stroke", na jina hilo ni la picha ya rangi iliyochorwa na Mwingereza Richard Dadd. Agosti 1843, akiwa amerejea kutoka safari ndefu ya Misri na nchi za jirani, akili zake zikiwa zimevurugika, Dadd alimuua baba yake akiamini kwamba yule si baba bali ni shetani. Maisha yake yote yaliyobaki aliyamalizia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Humo ndimo alimochora picha hiyo, kuanzia mwaka 1855 hadi 1864. Ni ndogo, kama sentimeta 54 kwa 39, na iko katika jumba la Tate, London. Mercury aliipenda mno, akawapeleka wenzake wa bendi wakaitazame kabla ya kurekodi.

Kuna nini ndani yake? Vijitu vingi vya ajabu vimejibana kati ya majani na nyasi, kila kimoja kikitazama katikati. Katikati kuna mkata kuni kainua shoka, anataka kupasua kokwa. Mbele yake kaketi mzee mwenye ndevu nyeupe na taji la ajabu. Shoka halitashuka mpaka mzee atoe ishara. Na kwa juu, kati ya vijitu vingine, yuko muuza dawa na kinu chake, ambaye wachambuzi humwona kuwa ni sura ya baba yake Dadd, maana marehemu alikuwa muuza dawa.

Mercury anawataja watu wa picha hiyo mmoja baada ya mwingine, kwa kasi, kinanda kikikimbia, huku umati mzima ukisubiri pigo. Na mzee wa katikati yumo, amepewa cheo cha mchawi mkuu anayesimamia yote.

Sasa sisemi kwamba Mercury alitaka kumdhuru mzee Bomi. La hasha. Hilo lingekuwa kosa lilelile la kijiweni. Ninachosema kinaonekana kwenye santuri yenyewe: upande mmoja baba anakabidhi; upande wa pili, karibu mahali palepale katika mpangilio, wimbo wa pili kwa wimbo wa pili, imewekwa picha ya mtu aliyekata mnyororo huo kwa mkono wake, kisha akatumia miaka tisa kumrudisha mzee katikati, akisubiri ruhusa yake. Kama hilo limetokea kwa bahati, basi ni bahati inayojua kusoma.

JINA LA BABA, JINA LA MAMA

Hapa ndipo mzee Bomi anapofufuka. Si kama baba wa kwenye wimbo, bali kama jina lililoondolewa.

Farrokh Bulsara alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka kama minane, akarudi Unguja mwaka 1963. Yaani karibu utoto wote baba alikuwa ng'ambo ya bahari. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, karibu na London. Mwaka 1970 bendi ilipoanza, Bulsara ikatoka, Mercury ikaingia.

Kwa Mwingereza, kubadili jina la mwisho ni kama kubadili koti. Kwetu ni noma. Chukua fomu yoyote ya shule: jina lako, jina la baba, jina la babu. Jina la pili halikutaji wewe, linataja umetoka kwa nani. Ukilifuta, umefuta mtu.

Sasa angalia jipya limetoka wapi. Brian May ameeleza kwamba lilitoka katika wimbo wa Mercury "My Fairy King", uliomo kwenye albamu ya kwanza ya mwaka 1973, ambamo mama ndiye anayetajwa kwa jina hilo. Kwa maneno mengine, mahali pa jina la baba palikaliwa na jina la mama, tena mama wa kubuni.

Msomaji wa Kisarawe haitaji darasa la saikolojia ili aelewe hilo. Kwa mila ya Wazaramo ukoo hufuatwa kwa mama. Kwa baba mtoto hupata mtala, yaani lile jina la upande wa kiumeni. Mwali akitolewa ndani alikuwa na mwana hiti, kile kijisanamu cha mti, kuonyesha kwamba uzazi na ukoo vinapita kwake. Baba anakupa jina, mama anakupa watu. Kwa macho hayo Mercury hakuitupa familia yake. Alihama, akatoka upande wa jina akaenda upande wa ukoo. Wachambuzi wa huko kwao wakisikia "mama" kwenye nyimbo zake huwa wanaona mtoto anayelia. Mimi naona mtu anayetafuta ukoo.

Wimbo huo wa mfalme una jambo jingine. Baadhi ya picha zake zimetoka katika shairi la Robert Browning kuhusu mpiga filimbi wa mji wa Hamelin. Unakijua kisa: jamaa aliwatoa panya wote mjini, wakubwa wakakataa kumlipa, akapiga filimbi yake tena, akaondoka na watoto. Ni kisa cha akina baba waliopoteza watoto kwa kutolipa deni.

Uzaramoni tuna kisa kinachofanana nacho, ila kimegeuzwa. Masimulizi ya wazee yanasema mwindaji Kilama alitoka bara akawasaidia Washomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba. Washomvi wakakubali kumlipa ada, na yeye na waliomfuata wakawa na heshima ya kuitwa Pazi. Aliyekuja kama msaidizi akawa baba wa nchi, kwa sababu deni lililipwa. Weka visa hivyo viwili pamoja uone: msaidizi akilipwa anakuwa mzee wenu, akidhulumiwa anaondoka na watoto. Katika wimbo wa Mercury nchi nzuri inaharibiwa na wanaoiingilia, na mfalme anabaki hana uwezo. Hakuna wa kulipa, hakuna wa kulipwa.

Ndipo unapoelewa "Seven Seas of Rhye". Albamu ya kwanza inamalizika na kipande chake kifupi, bila maneno, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Albamu ya pili inamalizika na wimbo wenyewe mzima, ambao Uingereza ulipanda hadi namba 10. Hivyo albamu hizi mbili zimeshonwa kwa uzi mmoja. Na anayeingia kwa mlango huo haji kurithi. Anakuja kutwaa. Mrithi hupokea taratibu, tena mara nyingi kwa kilio. Asiye na wa kumkabidhi inabidi aje na kinanda, kwaya na vitisho, ajivike taji mwenyewe. Kelele zote zile za Upande Mweusi, zinazowafanya watu wazimike na Queen, mimi nazisikia kama bei ya kuondoa jina moja.

MAMA ANAITWA, BABA HAITWI

Kuna atakayesema nimebahatisha. Basi twende mwaka 1975, albamu ya A Night at the Opera, tuone kama mchoro unajirudia.

Unajirudia. May analeta "The Prophet's Song", wimbo mrefu uliotoka kwenye ndoto yake ya gharika, na katikati yuko mzee mwonaji anayewaonya watu. Mzee tena! Mercury analeta "Bohemian Rhapsody", na humo kijana anamkiri mama yake kwamba kamuua mtu. Nani huyo aliyeuawa? Kila mtu ana jibu lake, na Mercury alikataa katakata kufafanua mpaka alipofariki tarehe 24 Novemba 1991. Siendi kushindana na kaburi. Ninahesabu tu walioitwa. Mama anaitwa, tena na tena. Bismillah inaitwa, neno ambalo mtoto wa Unguja, hata wa nyumba ya Kiparsi, hawezi kuwa hakulisikia. Watu wa opera wanaitwa. Baba haitwi hata mara moja. Kijana kaua, na haulizi baba atasema nini. Kimya cha namna hiyo kina uzito kuliko neno.

Na sauti ni ya nani katika nyimbo hizi zote? Ni ya Mercury. Huyohuyo aliyeondoa jina la baba yake ndiye aliyeazima koo lake kwa baba wa May, na kwa mzee mwonaji wa May. Hakuwa na baba kwenye upande wake mwenyewe, lakini alimwimba baba wa mwenzake kana kwamba ni wake. Hapo naona heshima kubwa.

Mwisho wake ni huu. Sauti za mwisho alizorekodi, mwaka 1991 akiwa mgonjwa sana, ni za wimbo aliotunga na May uitwao "Mother Love", uliotoka mwaka 1995 katika Made in Heaven. Mama tena. Hakuwahi kuumaliza. Beti la mwisho liliimbwa na May. Mmoja kaacha, mwingine kapokea na kumalizia. Ndiyo kazi ileile ya "Father to Son", safari hii imefanywa na mtu ambaye hakuwa baba wa mtu. Na mazishi yake yalifanywa kwa ibada ya dini ya Zoroaster, dini ya mzee Bomi na mama Jer. Jina lilihama, mlango wa nyumbani haukufungwa.

SISI NA MAJINA YETU

Sasa nije kwetu, maana bila hili ningekuwa nawapigia stori za wanamuziki tu.

Tazama majina tunayoyaweka chini ya mashairi na hadithi zetu. Mmoja ni simba, mwingine ni radi, wa tatu ni jina la mji wa Marekani ambao hajaufika. Wachache sana wanaandika jina la baba. Wengine wana sababu: wazee wanaona uandishi ni uhuni wa kisomi, kijana anajificha ili apate amani. Wengine wanasema wazi kwamba ili uandike jambo jipya lazima dingi afe kwanza, na Shaaban Robert naye azikwe mara ya pili. Maneno haya yanavuma sana kwa vijana, na yanasikika kama ushujaa.

Mimi siungi mkono, na pia sisemi turudi tukaandike majina matatu kama kwenye fomu. Jina la kalamu si dhambi. Ninachojifunza kwa Queen II ni kwamba mnyororo haukatiki bure. Mercury aliliondoa jina la baba, kisha akalipa: alijenga nchi nzima mahali pake, na malkia wake, mazimwi yake, bahari zake saba. Wewe ukiliondoa la kwako, umejenga nini pale? Kama huna hata kijiji, basi hujawa huru. Umekuwa mtu asiye na anwani.

Na aliyebaki na jina la baba asijione salama. May alibaki nalo, lakini hakukubali kukaa na gitaa kama zoezi la ufundi. Aliondoka nalo, mzee akanuna. Kupokea si kutii.

Baba yangu aliniachia daftari la hesabu za korosho. Nusu ya maandishi yake ni vifupisho ambavyo hakuna aliyebaki nyumbani anayeweza kuvisoma: herufi mbili, namba, mstari, herufi tena. Huenda ni madeni. Huenda ni majina ya watu. Nimejaribu mara nyingi kuyaandika upya kwenye daftari langu, na kila mara yanatokea kitu kingine, mara shairi, mara orodha ya watu ambao sijui kama waliwahi kuishi. Sijui kama huko ndiko kuelewa. Ninachojua ni kwamba sijapata mahali pengine pa kuanzia.

Siku hizi huhitaji santuri, albamu iko kwenye simu. Ila kwenye simu watu huchanganya nyimbo, pande zinapotea, na pande ndiyo habari yenyewe. Isikilize kwa mpangilio wake, mweupe kwanza, mweusi baadaye, ujiulize kila wimbo unapoanza: hapa nani anakabidhi, nani anapokea, na nani kainua shoka anasubiri ishara? Ukiona mimi nimemkosea mzee Bomi, au nimempendelea mzee Harold kwa sababu ya gitaa lake, chukua kalamu unijibu. Saini kwa jina lolote utakalo.